Mdomo na Santuri: Muziki wa Papo kwa Papo na Muziki wa Kanda katika Televisheni za Zamani

Tarehe 30 Machi 1967, katika studio ya shirika la BBC mjini London, kijana wa Kimarekani aitwaye Jimi Hendrix alisimama mbele ya kamera za kipindi cha Top of the Pops, gita begani, akiungoja muziki wa wimbo wake "Purple Haze" uanze. Kwa utaratibu wa kipindi hicho, sauti za ala zilikuwa zimekwisha kurekodiwa. Yeye alitakiwa aimbe juu ya kanda hiyo, na kuzipapasa nyuzi ambazo hakuna mtazamaji ambaye angezisikia. Fundi mitambo akakosea kanda. Kilichosikika ni muziki wa mwimbaji mwengine kabisa, Alan Price, wimbo mwepesi wa kuchekesha unaomhusu dubu mcheza ngoma. Hendrix hakukasirika. Alisema kwa upole kwamba wimbo ule maneno yake hayajui.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kinastahiki. Lakini mna swali ndani yake ambalo kicheko hakilimalizi. Mtazamaji wa miaka ile, aliyeketi sebuleni mwake na kumkodolea macho mwimbaji katika kioo, aliamini kwamba sauti aisikiayo inatoka katika kinywa akionacho. Mara nyingi haikuwa hivyo. Kinywa kilikuwa cha leo na sauti ilikuwa ya jana. Mkono ulipiga gita na gita halikulia. Nani aliyevitenganisha viwili hivi, kwa sababu gani, na nani alipata na nani alikosa kwa utengano huo? Hiyo ndiyo historia inayofaa kuelezwa, kwani imebeba mambo mazito zaidi kuliko mbinu za studio.

Ni vyema kuanza na sababu za kweli, maana si kila aliyechezesha midomo alikuwa na nia ya kudanganya. Televisheni ya miaka ya 1950 ilikuwa chombo cha picha kwanza, na sauti baadaye. Studio zilikuwa ndogo na vipaza sauti vilikuwa vichache. Ngoma zikipigwa kwa nguvu zilivuja katika kila kipaza sauti kilichokuwapo na kuimeza sauti ya mwimbaji. Spika ya televisheni ya nyumbani nayo ilikuwa ndogo, na haikuweza kuutoa muziki wa besi kama ipasavyo. Isitoshe, santuri zenyewe zilikuwa zimeanza kutengenezwa kwa namna ambayo bendi haingeweza kuirudia jukwaani: sauti moja ilirekodiwa juu ya nyengine, mwimbaji akajiitikia mwenyewe, mwangwi ukaongezwa kwa mitambo. Kijana aliyeipenda santuri alitaka kuisikia ile ile, na kampuni iliyoitoa ilitaka asikie ile ile ili kesho yake aende dukani kuinunua. Alhasili, njia rahisi ilikuwa kuiweka santuri yenyewe, kisha kumsimamisha mwimbaji mbele ya kamera achezeshe midomo.

Huko Marekani, kipindi cha American Bandstand, kilichoanza kurushwa nchi nzima kutoka Philadelphia mwezi wa Agosti 1957 chini ya Dick Clark, kilijengwa juu ya msingi huo. Vijana walicheza dansi, santuri ikapigwa, na mgeni wa siku akaufuatisha wimbo wake kwa midomo. Huko Uingereza, Top of the Pops ilianza siku ya mwaka mpya wa 1964, katika jengo la Manchester lililokuwa kanisa kabla ya kugeuzwa studio, na miaka yake ya mwanzo nayo ilikwenda kwa santuri. Mtazamaji mwenye jicho kali aliweza kuigundua siri bila ya kuambiwa. Gita la umeme halikuwa na waya. Wimbo ulipofika mwisho, sauti ilififia polepole kama inavyofifia katika santuri, ilhali wanamuziki bado wanapiga kwa nguvu zile zile. Bendi inayopiga kweli hapana budi itafute namna ya kumaliza, ama kwa kishindo ama kwa kushuka, lakini santuri huruhusiwa kutokomea tu.

Waliokuwa na haki ya kulalamika si watazamaji peke yao. Wanamuziki wa Uingereza walikuwa na chama chao tangu mwaka 1893, nao walikuwa na kumbukumbu chungu. Mwishoni mwa miaka ya 1920, filamu zilipoanza kusema, maelfu ya wapigaji waliokuwa wakipata riziki kwa kupiga muziki katika majumba ya sinema walijikuta hawana kazi. Wenzao wa Marekani walikuwa na jeraha kama hilo hilo, na tarehe 1 Agosti 1942 chama chao, kikiongozwa na James Petrillo, kiligoma kurekodi santuri. Mgomo ulidumu zaidi ya miaka miwili. Kwa watu hawa, mashine inayotoa sauti ya fidla ilikuwa ni mpigaji fidla aliyekosa mkate, na swali la sanaa lilikuja baadaye.

Ndiyo maana katika Uingereza yalikuwapo mapatano yaliyoweka kikomo cha saa ambazo redio iliruhusiwa kupiga santuri. Saa zilizobaki zilijazwa na wanamuziki walioitwa studioni na kulipwa. Mwaka 1966 chama kikaigeukia televisheni na kudai kwamba tabia ya kuchezesha midomo juu ya santuri ikomeshwe. Muafaka uliofikiwa ulikuwa wa namna mbili: ama mwimbaji aimbe papo kwa papo akisindikizwa na okestra ya kipindi, ama bendi iingie studioni na kuurekodi wimbo upya kwa ajili ya televisheni, ili wapigaji walipwe kwa kazi mpya. Huo ndio utaratibu uliomkuta Hendrix siku ile ya kanda iliyokosewa.

Sheria hiyo ilizaa ujanja wake. Inasimuliwa na wengi waliokuwapo kwamba bendi ziliingia studioni mbele ya mwakilishi wa chama, zikajitia kurekodi, kisha mwakilishi akakaribishwa kinywaji mahali pengine, na aliporudi alikabidhiwa kanda ambayo haikuwa na tofauti yoyote na santuri iliyokwisha kuuzwa madukani. Kila mmoja alijua, na kila mmoja alinyamaza. Lakini sheria hiyo hiyo, pamoja na vikomo vya redio, ilizaa pia hazina. Redio ilipokatazwa kupiga santuri kutwa nzima, watangazaji waliwaalika wasanii waje wapige. Katika kipindi cha John Peel, tangu 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, bendi nyingi mno zilirekodi nyimbo zao kwa saa chache, bila ya nafasi ya kurembaremba, na rekodi hizo leo hutafutwa kama lulu. Waliozidai hawakuwa wakifikiria lulu; walikuwa wakifikiria malipo ya siku. Jambo lililopiganiwa kwa ajili ya tumbo likaihifadhi sanaa.

Upande wa pili ulikuwa ule wa papo kwa papo, na hapo mfano mkubwa ni kipindi cha Ed Sullivan huko New York. Usiku wa tarehe 9 Februari 1964, watu wanaokadiriwa kufika milioni 73 waliwatazama Beatles wakipiga na kuimba wenyewe, huku wasichana ukumbini wakipiga mayowe. Sauti haikuwa safi kama ya santuri. Lakini waliotazama walikuwa na hakika kwamba jambo linatokea wakati ule ule, na kwamba lolote lingeweza kutokea.

Kwamba lolote lingeweza kutokea ndiko kulikowatisha wenye vipindi. Mwezi wa Januari 1967 Rolling Stones walitakiwa katika kipindi hicho hicho wabadilishe maneno ya wimbo wao kwa kuwa yalionekana hayana adabu. Mick Jagger alikubali, akayaimba maneno mapya huku akizungusha macho. Miezi minane baadaye, tarehe 17 Septemba, kundi la The Doors liliambiwa libadilishe neno moja tu. Jim Morrison alipofika pahala pa neno hilo, akaliimba lile lile la asili mbele ya taifa zima. Hawakualikwa tena. Mmoja alitii na mmoja aliasi, lakini wote wawili walikuwa na kitu ambacho santuri haiwezi kuwa nacho: uamuzi ulibaki katika kinywa cha mwimbaji mpaka nukta ya mwisho.

Kwa mwimbaji aliyezoea kupangiwa, uamuzi huo unaweza kuwa mwanzo mpya wa maisha. Elvis Presley aliingia mwaka 1968 akiwa ametumia miaka mingi katika filamu ambazo hata yeye mwenyewe hakuziheshimu, na hakuwa amepiga muziki mbele ya hadhara tangu 1961. Mwezi wa Juni, katika studio za NBC huko Burbank, alirekodi kipindi maalumu kilichoonyeshwa tarehe 3 Disemba. Sehemu kubwa ya kipindi hicho ilikuwa na okestra, wachezaji na mandhari ya kupendeza, na sauti nyingi zikiwa zimetayarishwa kabla. Lakini sehemu inayokumbukwa siyo hiyo. Inakumbukwa ile aliyoketi kwenye jukwaa dogo, watu wamemzunguka karibu kumgusa, pamoja na wenzake wa ujanani, Scotty Moore na D. J. Fontana, huyu wa pili akipiga mdundo juu ya kasha la gita. Elvis anakosea, anacheka, anasahau, anaanza upya. Okestra yote haikumpa kile alichokipata katika makosa yale.

Hata hivyo, itakuwa si insafu kuigawa historia hii katika makundi mawili, wakweli huku na waongo kule. Mambo makubwa mengi yalichanganya vyote viwili. Tarehe 25 Juni 1967 televisheni za nchi nyingi ziliunganishwa kwa setilaiti katika kipindi cha Our World, na Beatles wakaiwakilisha Uingereza kwa wimbo "All You Need Is Love". Ilitangazwa kuwa ni moja kwa moja, na kwa kiasi ilikuwa kweli: Lennon aliimba pale pale, okestra ikapiga pale pale. Lakini chini yake palikuwa na kanda iliyotayarishwa siku kumi na moja kabla, na ilipotolewa santuri baadhi ya sehemu ziliimbwa upya. Ilikuwa kama chombo ambacho mkuku umeundwa bandarini kwa utulivu na tanga likatwekwa baharini.

Na katika mlolongo huu yumo pia mtoto wa Unguja. Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 na ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964, ndiye aliyejulikana ulimwenguni kwa jina la Freddie Mercury. Mwaka 1975 yeye na wenzake wa Queen walitoa "Bohemian Rhapsody", wimbo ambao katikati yake mna sehemu ya opera iliyojengwa kwa kurundika sauti juu ya sauti mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya nzima. Wimbo huo haukuweza kuimbwa papo kwa papo na binadamu wanne, na kuusimamia katika Top of the Pops kwa kuchezesha midomo kungewatia aibu. Wakachagua njia nyengine: tarehe 10 Novemba, kwa muda wa saa chache, wakapiga filamu fupi ya wimbo, na filamu hiyo ikaonyeshwa badala yao. Wimbo ukakaa nafasi ya kwanza kwa majuma tisa. Wengi huihesabu filamu ile kuwa ni mlango uliofunguliwa kuelekea zama za video.

Lililo muhimu zaidi ni walivyofanya jukwaani. Katika maonyesho yao, walipofika sehemu ya opera, wanamuziki wote wanne waliondoka. Kanda ikalia peke yake, taa zikacheza, na hakuna mtu aliyesimama pale kujifanya anaimba. Opera ilipokwisha, walirejea na kupiga wenyewe. Hawakuficha kwamba kanda ni kanda. Na tarehe 13 Julai 1985, katika uwanja wa Wembley siku ya Live Aid, Mercury aliimba mwanzo tu wa wimbo huo kwa piano, akaiacha opera, akapita katika nyimbo nyengine, na kwa dakika ishirini hivi akauamrisha umati uitikie kila alichokitamka. Umati ule ulikuwa ukiongea na mtu, naye akiujibu.

Waliolazimishwa kuigiza walikuwa na njia zao za kulipiza. Mwaka 1971 Rod Stewart na wenzake wa Faces walikuja Top of the Pops na wimbo "Maggie May". Aliyeketi na mandolini alikuwa mtangazaji John Peel, ambaye hakuwa mpigaji wa chombo hicho, na wimbo ulipokuwa ukiendelea wanamuziki waliacha ala zao na kucheza mpira jukwaani. Muziki haukutetereka hata kidogo. Mwaka 1980, katika American Bandstand, John Lydon wa kundi la Public Image Ltd aliacha kabisa kuchezesha midomo, akaingia katikati ya watazamaji na kuwavuta jukwaani huku sauti yake ya kanda ikiendelea bila yake. Mwezi wa Novemba 1991, Top of the Pops ilipokuwa imewataka waimbaji waimbe wenyewe juu ya ala zilizorekodiwa, Kurt Cobain wa Nirvana aliuimba wimbo wake kwa sauti nzito ya chini kabisa, kama imamu aliyeshikwa na usingizi, huku mkono wake ukilipapasa gita kwa dhihaka ya wazi. Vitendo hivi vilikuwa vichekesho, lakini pia vilikuwa ushahidi: mtu aliyenyang'anywa sauti yake huifichua hila kwa mwili wake.

Kuna mfano mmoja unaoikatalia hoja hii, na haifai kuuruka. Tarehe 25 Machi 1983, huko Pasadena, katika sherehe ya miaka 25 ya kampuni ya Motown, Michael Jackson aliubakisha wimbo "Billie Jean" na kuucheza peke yake. Sauti ilikuwa ya kanda. Lakini katika wimbo huo aliteleza kinyumenyume kwa namna ambayo wengi walikuwa hawajapata kuiona, na kipindi kilipoonyeshwa tarehe 16 Mei, mamilioni ya watu walikwenda kulala wakiamini wameona kioja. Wala hawakudanganyika. Alichokifanya papo kwa papo kilikuwa ni ngoma, na ngoma ile hakuna kanda iliyomchezea. Hapa kanda haikuwa kificho cha uvivu. Ilikuwa ni mdundo aliopewa mchezaji ili miguu yake iseme.

Basi mpaka haupiti baina ya mashine na mtu. Unapita baina ya kilichofanywa kweli na kilichosingiziwa. Mwaka 1990 kundi la Milli Vanilli lilinyang'anywa tuzo ya Grammy lililopewa mwezi wa Februari mwaka ule ule, baada ya kubainika kwamba vijana wawili walioonekana katika televisheni hawakuwa wameimba hata katika santuri yenyewe. Waliochezesha midomo kabla yao walikuwa wakizifuatisha sauti zao wenyewe; hawa waliazima sauti za watu ambao majina yao yalifichwa. Kosa kubwa zaidi walitendewa hao waimbaji waliofichwa.

Wasikilizaji wa Pwani ya Afrika Mashariki hawakuwa wageni wa jambo hili. Sauti ya Siti binti Saad ilikwisha kutiwa katika santuri huko Bombay mwaka 1928, na waliompenda walijua tofauti ya Siti wa santuri, aliyebanwa na dakika chache za upande mmoja, na Siti wa ukumbini, aliyeimba mpaka usiku ukachoka. Baadaye redio ilileta sauti ya Umm Kulthum kutoka Cairo, katika tafrija zake za Alkhamisi, ambamo ubeti mmoja ungeweza kurudiwa mara kadhaa, kila mara kwa ladha nyengine, kwa kuwa hadhira iliomba. Sikio lililolelewa na taarabu linajua kwamba wimbo wa namna hiyo hauwezi kuchezeshewa midomo, kwa sababu mwimbaji mwenyewe hajui utaishia wapi.

Huko Dar es Salaam nako, Redio Tanzania iliziita bendi kama NUTA Jazz na Vijana Jazz katika studio yake, zikapiga kwa pamoja, mwimbaji na ala zake mbele ya vipaza sauti. Hapakuwa na mitambo ya anasa ya kurundika sauti. Ufukara huo umewaachia wajukuu muziki ambao pumzi ya wapigaji inasikika ndani yake. Televisheni ya rangi ilipoingia Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1970, Bara ikingoja mpaka 1994, picha ilikuta sikio limekwisha kupata malezi yake. Baadaye tu ndipo "pleibeki" ilipoenea katika kumbi na vioo, na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, likaona haja ya kusisitiza kwamba jukwaani mwake muziki upigwe, usibonyezwe.

Limebaki jambo moja, nalo ni la kusikitisha. Kanda za video zilikuwa ghali, na mashirika ya televisheni yalizifuta ili yazitumie tena. Vipindi vingi vya Top of the Pops vya miaka kumi ya mwanzo vimepotea. Pale ambapo msanii alichezesha midomo, kilichopotea ni picha tu, kwani sauti ingali katika santuri. Lakini pale alipopiga kweli, kilichofutwa hakina nakala popote. Mwezi wa Januari 1973 David Bowie na bendi yake waliupiga wimbo "The Jean Genie" studioni papo kwa papo, tofauti na santuri, gita likirefushwa kwa namna ya usiku ule tu. Kanda ikafutwa. Kwa karibu miaka arubaini tukio hilo lilihesabiwa limekufa, mpaka mwaka 2011 ilipobainika kwamba mpiga kamera mmoja wa siku ile, John Henshall, alikuwa amejiwekea nakala nyumbani kwake.

Waliodai muziki wa papo kwa papo waliiogopa kanda, nao walikuwa na sababu. Lakini usiku ule wa Bowie usingalijulikana leo lau si kanda moja iliyokaa kwenye rafu ya mtu aliyeona kwamba kitu kilichotendeka mara moja kinahitaji kuwekwa. Katika majumba ya redio na televisheni ya Pwani na Bara zimo rafu kama hizo, zenye kanda za watu waliopiga kwa mikono yao na kuimba kwa vinywa vyao. Vumbi na joto havingoji.